Lugha Moja Kabla ya Kesho Saa Nne

MALIK: Haloo, nani mwenzangu? Hii namba siijui.

NZISA: Malik? Ni mimi. Nzisa.

MALIK: Nzisa gani?

NZISA: Nzisa wa darasa la umeme, bana! Miaka mitano benchi moja, nimebadilisha laini tu umenisahau?

MALIK: Aaah, Nzisa wa Tawa! Sema basi. Za siku? Mama hajambo?

NZISA: Mama hajambo. Ametoka kanisani saa hii. Amesimama tena mbele ya watu akashuhudia. "Binti yangu injinia kesho anaanza kazi Kitui." Anaanza, Malik! Mimi naenda intavyuu tu, yeye ashanipea kazi na—

MALIK: Haloo? Unakatika. Uko wapi?

NZISA: Ngoja nipande juu ya jiwe. Hapa nyuma ya shule ndio network hushika. Sasa?

MALIK: Sasa nakusikia. Sema.

NZISA: Kwanza asante kwa kunitumia lile tangazo la kazi ya kampuni yenu kwa email. Nilikuwa nimeacha hata kutafuta. Lakini ndugu yangu, umeniua.

MALIK: Nimekuua na nini?

NZISA: Wanataka mtu wa pampu za sola ambaye pia anajua programming. Na mimi kwa CV... niliandika najua.

MALIK: Uliandika unajua gani?

NZISA: C.

MALIK: Sawa.

NZISA: Na Python. Na Java. MATLAB. Na Rust.

MALIK: Rust! Wewe unajua Rust?

NZISA: Nilisikia jina.

MALIK: Nzisa!

NZISA: Usinifokee, Malik, nimefokewa vya kutosha. Sikiza. Tulipomaliza chuo nilianza Python, si ndio? Nikafika katikati. Binamu yangu Mwau akaniambia Python ni ya watoto, injinia wa umeme ni C. Nikaiacha nikaingia C, nikakwama pale kwa pointer. Intavyuu ya kwanza, Machakos, wakaniuliza Java. Nikarudi nyumbani nikaanza Java. Intavyuu ya pili wakaniuliza C, ile niliacha! Kijana mmoja wa mtandaoni akasema zote zimepitwa, shika Rust. Miaka minne, Malik. Nina mianzo kibao na mwisho hakuna hata mmoja. Hapa sokoni natengeneza redio na taa za sola, watu wananiita fundi. Mama peke yake ndio ananiita injinia.

MALIK: Pole, dada.

NZISA: Usiniambie pole! Nichagulie moja. Moja tu. Niisome mpaka kesho saa nne.

MALIK: Lugha haisomwi siku moja.

NZISA: Basi niambie nisiende! Niambie nishuke hapa kwa jiwe, niingie jikoni nimwambie mwaitu, mama yangu mwenyewe, kwamba alisimama mbele ya kanisa akasema uongo! Niambie!

(Upepo kwenye simu.)

MALIK: Nzisa. Usilie. Haloo?

NZISA: Silii.

MALIK: Haya. Una kalamu? Chukua hiyo CV, piga mstari kwa zote. Acha C peke yake. Kando yake andika: naanza.

NZISA: Watanifukuza kabla sijaketi.

MALIK: Afadhali wakufukuze kwa ukweli. Ukidanganya ukapata hiyo kazi, siku moja pampu itakuumbua mbele ya watu. Na wakati huo si wewe peke yako utaumia.

NZISA: Mbona unaongea hivyo?

MALIK: Naongea tu. (Kwa mteja: Hiyo ni leso ya jozi, mama, haikatwi. Angalia ile ya manjano.) Samahani, endelea.

NZISA: Uko duka?

MALIK: Namsaidia shangazi Zulekha dukani kwake hapa Kitui, karibu na stage ya magari. Jumapili. Sasa sikiza. Kosa lako ni kuuliza lugha gani ni kubwa. Uliza, kazi yenyewe inakaa wapi? Kama umekaa karibu na waya, pale kwa kile chip kidogo kinawasha na kuzima, hapo ni C. Kama umekaa mezani unapiga hesabu ya jua la mwaka mzima, unataka grafu, hapo ni Python. Ukienda kiwandani kuna ile inachorwa kama ngazi. Hiyo wewe unaijua tayari, ni relay tu, zile swichi zinazowashwa na umeme, zimepangwa kwa karatasi.

NZISA: Hiyo naijua?

MALIK: Si ulikuwa unanichorea mimi relay mwaka wa tatu? Java waachie watu wa app. MATLAB tuliiacha chuoni. Rust utaisoma ukiwa umeshiba.

NZISA: Na nyinyi hapo kampuni mnatumia gani?

MALIK: (Kwa mteja: Karibu, mama, chagua tu.)

NZISA: Malik? Nakuuliza.

MALIK: Niko. Tulitumia Python. Kwa kompyuta ndogo ndani ya box la kuendesha pampu.

NZISA: Si umesema Python ni ya mezani?

MALIK: Ndio niliijua. Siku zilikuwa chache, nikachagua ile niliijua. Usifanye kama mimi.

NZISA: Kwani ilileta shida?

MALIK: Hebu tufanye zoezi. Fungua laptop yako, kuna programu ndogo ya C nilikutumia mwaka jana. Mistari ishirini. Nisomee.

NZISA: Nimeiandika kwa karatasi, laptop haina charge. Inasema... kama sensor ni moja, pampu iwake. Kama si moja, pampu izime. Halafu ngoja sekunde tano. Halafu rudia.

MALIK: Hiyo ndio kazi yote. Mengine ni mapambo. Sasa, sensor ni nini?

NZISA: Ni vijiti viwili vya chuma viko chini kwa kisima. Maji yakivigusa vyote, umeme kidogo unapita, box linajua maji yapo.

MALIK: Na waya wa hivyo vijiti ukikatika?

NZISA: Hakuna kitu kinapita. Box litafikiri hakuna maji. Pampu itazima.

MALIK: Ni vizuri au ni vibaya?

NZISA: Ni vizuri. Watu watalalamika, lakini mota haitaungua.

MALIK: Umeona? Hilo hukusoma kwa lugha yoyote. Wakikuuliza lolote kesho, anzia hapo. Waya ukikatika inakuwaje. Lugha ije nyuma.

NZISA: Aki Malik. Nimeanza kupumua kidogo. Kesho utakuwa ofisini? Nione tu uso wako, nitulie.

MALIK: Kesho... sitakuwepo. Niko nje.

NZISA: Site?

MALIK: Nje. Na Nzisa, usitaje jina langu.

NZISA: Kwa nini? Si wewe ndio umenileta?

MALIK: Watasema nimekupendelea. Usilitaje kabisa. Niahidi.

NZISA: Haya. Nimeahidi. Lakini sauti yako leo—

MALIK: Shangazi ananiita. Kila la heri. Lala mapema, mwambie mama akuombee. Kwaheri, kwaheri.

* * *

(Jumatatu, saa saba mchana.)

MALIK: Nzisa! Imekuwaje?

NZISA: Uko wapi?

MALIK: Niko... kuna mambo nafanya. Imekuwaje?

NZISA: Uko duka la shangazi yako. Nasikia watu wakiuliza leso. Jumatatu, saa saba.

MALIK: Nzisa—

NZISA: Ni kiti chako, Malik. Wamenikalisha wanihoji kwa kiti chako! Unanifundisha jana nusu saa nzima, unaniambia usitaje jina langu, na ni wewe walifukuza! Lini?

MALIK: Wiki ya sita sasa.

NZISA: Na ukanitumia tangazo.

MALIK: Ningekwambia ungekuja?

NZISA: Nisingekuja!

MALIK: Ndio maana.

(Honi na kelele za watu upande wa Nzisa.)

MALIK: Sasa niambie. Wamekuchukua?

NZISA: Niambie wewe kwanza. Ulifanya nini?

MALIK: Si wamekwambia?

NZISA: Nataka nisikie kwako.

MALIK: Kisima kimoja upande wa Kikima. Mwezi wa nane maji yalishuka chini, kisima kikakauka, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka mota ikaungua. Programu yangu haikuizima. Injinia Musyimi akasema Python iliganda, si lugha ya kuwekea watu maji, yeyote mwenye akili angetumia C. Mimi nilikuwa naiamini ile programu, Nzisa. Niliijaribu siku tatu mezani. Lakini mota iliungua, sasa ningesema nini? Nikaenda kule. Kina mama walikuwa wanateremka mtoni na punda, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Nikawaomba msamaha mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Akaniambia, Mungu akusamehe mwanangu. Wallahi ningependa angenitukana.

NZISA: Ulikuwepo siku box linafungwa kule kisimani?

MALIK: Hapana. Mama yangu alikuwa amelazwa. Musyimi akasema atafunga mwenyewe.

NZISA: Na baada ya mota kuungua, uliliona box?

MALIK: Lilikuwa limeshabebwa ofisini kwake. Akaniletea barua nisaini. Kwamba kosa ni la programu yangu. Akasema nikisaini naondoka kwa amani, kila mtu anaendelea na maisha yake.

NZISA: Ukasaini?

MALIK: Nilidhani ni kweli.

NZISA: Asi! Malik! Malik, keti chini.

MALIK: Nimesimama tu. Nini?

NZISA: Keti. Sasa sikiza vile imekuwa. Nimeingia, wako wawili, Musyimi na mkurugenzi, Bi Mwongeli. Nimewapa CV na ile mistari ya kalamu. Musyimi akacheka. Bi Mwongeli hakucheka, aliisoma tu. Halafu Musyimi akaweka box kwa meza, bum! Akasema, hii iliunguza mota, iliandikwa Python na kijana mmoja hapa, Abdulmalik. Hapo nilitaka kuinuka niende. Nikakumbuka ahadi yangu, nikakaa. Akaniuliza, wewe injinia, ungechagua lugha gani kuiandika upya?

MALIK: Ukasema C.

NZISA: Nilikuwa nimefungua mdomo niseme C. Lakini mimi ni fundi wa redio, Malik, mtu akiniwekea box mbele yangu siwezi kuongea kabla sijafungua. Nikafungua mlango wake. Nikafuata waya kwa kidole. Nikafika pale kwa skrubu mbili za vijiti vya kisima.

MALIK: Ehe?

NZISA: Kuna kipande cha waya. Chekundu, kifupi kama kidole. Kimeunganisha skrubu moja na ya pili.

MALIK: Sema tena.

NZISA: Kimeziunganisha! Hapo hapo ndani ya box! Na tundu la kupitishia waya wa kwenda kisimani bado lina plastiki yake ya dukani. Haijawahi kutobolewa. Hakukuwa na vijiti, Malik. Hakuna mtu aliviteremsha kisimani. Box lilikuwa linaambiwa maji yapo, asubuhi, mchana, kisima kikiwa kikavu. Programu yako ilikuwa inaamini, kwa sababu hivyo ndivyo iliambiwa.

(Kiti kinakokotwa upande wa Malik.)

NZISA: Malik?

MALIK: Musyimi alikiweka kwa kujaribu. Vijiti havikuwa vimefika kutoka Nairobi. Alikiweka ajaribu pampu, atoe baadaye.

NZISA: Na hakutoa. Kuna kadi ndani ya mlango, imeandikwa kwa mkono wake. "Imefungwa na kupimwa: Musyimi." Na tarehe.

MALIK: Ya Rabbi.

NZISA: Nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasema, mheshimiwa, hata ungeandika kwa C, kwa Java, hata kwa Kikamba, hii mota ingeungua. Bi Mwongeli akamwangalia Musyimi. Musyimi akafunga mlango wa box akasema, tunatafuta mtu wa programming, wewe hata CV yako imejaa mistari, asante kwa kuja. Nikatolewa.

MALIK: Wamekunyima.

NZISA: Wameninyima... Malik, sijui hata nitamwambia nini mwaitu. Nimekaa hapa stage ya Kitui na viatu vya kuazima. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. C. Herufi moja tu. Ningelisema nikanyamaza, saa hii ningekuwa na kazi.

MALIK: Ungekuwa nayo.

NZISA: Unalia?

MALIK: Wiki sita, Nzisa. Wiki sita sijafungua laptop. Nikiona hata mstari mmoja wa code namuona yule mama na tumbo lake na mtungi. Nilikuwa nimeapa sitagusa tena mambo ya umeme. Niuze leso mpaka nife.

NZISA: Haikuwa wewe.

MALIK: Na nimesaini kwamba ni mimi.

NZISA: Mimi nimeona kwa macho yangu. Nitasema popote utaniambia niseme.

MALIK: Hautapata kazi tena kaunti hii yote.

NZISA: Kwani nilikuwa nayo?

MALIK: (Anacheka kidogo, anakatiza.) Ngoja. Ngoja, Nzisa. Ile tarehe kwa kadi. Ilikuwa ngapi?

NZISA: Tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita.

MALIK: Aiya. Wiki hiyo alifunga mabox mawili.

NZISA: Lingine liko wapi?

MALIK: Kilungu. Vijiti vilikuwa vya kuja pamoja, katoni moja. Kama vya Kikima havikufika...

NZISA: Na saa hii ni mwezi wa kumi, mvua haijaingia—

MALIK: Maji yako chini kabisa. Na jua hili la saa saba, pampu inazunguka kwa nguvu zote. Kata simu.

NZISA: Utampigia nani?

MALIK: Katunge, yule mama anashika ufunguo wa kisima. Kata, Nzisa, kata!

* * *

(Dakika ishirini baadaye.)

NZISA: Enhe?

MALIK: Ameshika mara ya tatu, alikuwa shambani. Nimemwambia mama Katunge, kimbia, teremsha ile swichi kubwa kwanza, maswali baadaye. Nimemsikia akikimbia na simu mkononi. Akazima. Akasema bomba limeanza kutoa hewa na matope tangu saa nne.

NZISA: Na mota?

MALIK: Ilikuwa bado inazunguka alipozima. Haijaungua. Kisha nikamwambia afungue mlango wa box aniambie anaona nini pale kwa skrubu mbili za chini.

NZISA: Malik, usiniweke hivi. Kipo?

MALIK: Kipo. Akaniuliza, haka ka-waya kekundu?

NZISA: Mungu wangu.

MALIK: Nimemwambia asiguse. Apige picha, anitumie. Ametuma. Ya waya na ya kadi, mwandiko ni ule ule wa Musyimi. Nimempelekea Bi Mwongeli zote mbili na maneno machache. Amesoma. Zile tiki zimegeuka rangi.

NZISA: Amejibu?

MALIK: Hajajibu.

NZISA: Atajibu?

MALIK: Sijui. Musyimi ni shemeji yake.

NZISA: Sasa kule Kilungu watakunywa nini?

MALIK: Hilo ndio limenitoa jasho. Watu wamekusanyika kwa kisima, mitungi imepanga laini mpaka barabarani, wanamkemea Katunge awashe. Anasema atashikilia mpaka jioni, lakini wakimzidi nguvu watawasha wenyewe. Lazima mtu afike, atoe huo waya, ateremshe vijiti, pampu ijizimie yenyewe kisima kikipungua na iwake kikijaa. Angalau wapate mitungi michache kila saa.

NZISA: Kampuni itatuma mtu?

MALIK: Nani? Musyimi?

NZISA: Una vijiti?

MALIK: Kuna vyuma vya pua hapa kwa fundi wa mageti, nimeshakata viwili. Waya nimenunua roli moja. Shangazi ananiuliza duka namwachia nani.

NZISA: Malik, mimi niko stage. Gari la kwenda Machakos linajaza, huko tutapata la Kilungu.

MALIK: Nzisa, hakuna mtu atakulipa. Hakuna mtu ametutuma. Tukishikwa tukiwa kwa kisima cha kampuni wanaweza kutuitia polisi.

NZISA: Na wewe huwezi kazi ya box dogo, mikono yako mikubwa. Nani atashika skrubu?

MALIK: Na mama yako?

NZISA: Nitampigia nikiwa njiani. Nitamwambia kazi imeanza.

MALIK: Nzisa—

NZISA: Njoo! Huyu kondakta anafunga mlango. Nimekuwekea kiti na mkoba wangu, watu wananiangalia vibaya. Kimbia na hayo ma-chuma yako!

MALIK: Nakuja, nakuja, nimetoka, niko hapa kwa—